Barua ya wazi kwa wakubwa wanaosimamia Lamu: toeni pikipiki mjini, wacheni mchanga wa Shela

Kwa Waheshimiwa wote mlioshika mambo ya Mji wa Kale wa Lamu, wa kaunti, wa ardhi, wa maji, wa mambo ya kale, na nyinyi wa Nairobi ambao faili letu linapitia mezani kwenu,

Assalaam alaykum, na kwa wasiokuwa Waislamu salaam zangu kwa heshima zote.

YAH: MAMBO TULIYOYASEMA OFISINI BILA KUSIKILIZWA

Waheshimiwa, haya hayakuwa ya kuandikwa mbele za watu. Sisi huku tumelelewa kwamba ukiwa na neno na mkubwa unamfuata kwake, mnakaa, mnaongea, mnamaliza. Ndivyo tulivyofanya. Barua tulileta ofisini kwa mkono, ikapigwa muhuri, tukaambiwa itafanyiwa kazi, kurudi kuulizia tukaambiwa aliyekuwa akiishughulikia amehamishwa, tukaandika nyingine tukaambiwa hilo sio la ofisi hii nendeni ile ya kule, na ile ya kule ikatuambia turudi hii ya hapa. Mikutano tumeitwa, soda tumekunywa, daftari la mahudhurio tumetia sahihi, na pikipiki ziko palepale. Basi sasa naandika kila mtu asome, na mwenye jibu na ajibu mbele za watu pia.

Mimi ni mama wa mtaa wa Langoni, mzaliwa wa hapahapa. Sina chama, sigombei chochote, na sitaki kuitwa kwa kikao cha faragha nikapewe bahasha ya nauli.

Kwa wanaosoma na hawaijui Lamu niseme kidogo. Mwaka 2001 UNESCO waliuandika mji wetu wa kale kuwa Urithi wa Dunia. Hawakuuandika kwa ajili ya ufuo, ufuo mzuri uko pwani yote hii kutoka Kiunga hadi Mtwara. Waliuandika kwa sababu ndio mji wa Waswahili wa zamani zaidi Afrika Mashariki ambao bado umesimama na bado una watu ndani, zaidi ya miaka 700 bila kukatika. Gedi ni magofu. Takwa hapo ng'ambo Manda ni magofu. Kilwa Kisiwani, mji uliokuwa ukipiga sarafu zake wenyewe, leo watu wanakwenda kuangalia kuta. Lamu kuta zake zina moshi wa jikoni na watoto wanaokataa kulala mchana, na hiyo ndio tofauti yote, sasa ukiwafukuza watu hata kama kuta zitabaki zimepakwa chokaa nyeupe peh hiyo si Lamu tena, ni Takwa mpya.

Na watu hawafukuzwi kwa bunduki tu. Wanafukuzwa kidogokidogo, kwa kelele, kwa maji ya chumvi, kwa nyumba isiyorekebishika. Hayo ndiyo ninayoyalalamikia, na nitayapanga kwa namba msije mkasema hamkuelewa.

1. PIKIPIKI NDANI YA MJI

Hapa nitakaa sana, mnisamehe.

Mji huu haukupimwa kwa gurudumu. Ulipimwa kwa mtu na kwa punda mwenye shogi la mizigo mgongoni. Vijia vyetu vingi vinateremka kutoka kule juu kwenda baharini ili mvua ikinyesha maji yashuke yenyewe, na vingine ni vyembamba mno, watu wawili wakipishana mmoja anajibana ukutani. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimejengwa nene na ndefu ili usitani, yaani vijiani, kuwe na kivuli saa saba mchana. Na kuna wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba, bibi zetu walikuwa wakipita huko juu kwenda kwa jamaa zao bila kushuka chini. Na kila nyumba ya kale ina daka, zile baraza mbili mlangoni zinazotazamana, mgeni anakaa hapo, mzee anakaa hapo, kesi za mtaa zinaamuliwa hapo. Kwa hiyo njia ya Lamu ni sebule pia. Mtoto akitoka mlangoni hatoki barabarani, anatoka sebuleni kwa jirani.

Sasa ingiza pikipiki humo. Kwanza mlio wake, njia nyembamba yenye kuta ndefu pande mbili inaukuza mlio mpaka mtu aliye ndani anadhani iko chumbani kwake. Pili kona, kona zetu huoni anayekuja mpaka mmegusana, ilikuwa sio neno kwa sababu aliyekuja alikuwa mtu au punda, na punda huyu wetu akikuona anasimama, hata wakati hutaki asimame. Boda hasimami, boda anapiga honi. Mamangu anatembea kwa bakora, na tangu alipokwaruzwa na usukani karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ameacha kwenda dukani peke yake, mtu aliyetembea njia hiyo tangu utotoni. Mara ngapi plasta imechunwa na vishikizo vya pikipiki, mara ngapi daka limevunjwa ncha, piteni mtazame, ndooni muone kwa mato yenu, yaani njooni muone kwa macho.

Kwa miaka mingi gari la kisiwa hiki lilikuwa la DC, mkuu wa wilaya, tu na lenyewe lilikuwa linakwenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo pale ufuoni, tukilicheka. Hakuna aliyekufa kwa kukosa gari. Mizigo ilibebwa na punda na hamali na mashua, na mpaka leo simenti, mchanga, sukari, makreti ya soda, vyote vinashuka gatini na kupanda punda. Punda wako maelfu, wana hospitali yao hapa mjini tangu miaka ya 1980, yaani punda wa Lamu ana daktari wa karibu kuliko watu wa visiwa vingine.

Sikatai kwamba mji umekua. Huko nyuma kuna mitaa mipya na njia pana za mchanga, watu wanakaa mbali, na pikipiki huko ina maana kabisa. Hatukusema ziondoke kisiwani. Tumesema kuna mstari, mji wa kale una mpaka wake unaojulikana na uliochorwa kwenye ramani mliyoipeleka UNESCO wenyewe, basi pikipiki ifike mpakani isimame, abiria ashuke atembee. Marufuku tumeshaisikia ikitangazwa, na wiki ya kwanza huwa kuna askari, wiki ya pili askari yuko lakini amekaa kivulini, wiki ya tatu askari mwenyewe amepakiwa.

Na mambo ya ufuoni msiyasahau. Ule ufuo wa mbele ndio uwanja wetu wa kupumua jioni. Zamani bahari ilifika mpaka karibu na Usita wa Mui, hiyo njia ambayo kwenye karatasi zenu inaitwa Harambee Avenue, ule ufuo wa sasa ulijazwa baadaye. Saa hii jioni mama na watoto hawawezi kukaa hapo kwa amani, ni injini kutoka gatini mpaka Langoni na kurudi.

2. MILIMA YA MCHANGA YA SHELA

Hili ni kubwa kuliko pikipiki ila halipigi kelele ndio maana linawapita.

Kisiwa hiki hakina mto wala ziwa. Maji matamu ya Lamu yanatoka kwa mvua iliyonyesha juu ya ile milima ya mchanga nyuma ya Shela. Mchanga ule unayameza maji, unayachuja, unayashika chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi yanakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, yamekaa kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka taratibu mvua inarudishia. Ukivuta kwa pampu kwa pupa, ya chumvi yanapanda juu, na yakishapanda hayashuki kwa amri ya ofisi. Visima vya huko ndivyo vinavyoulisha mji.

Watalii wanaijua milima ile kwa picha za machweo. Wazee wanaijua kwa vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Waamu, watu wa Lamu, walipowapiga watu wa Mombasa na Pate waliokuja na majahazi, baada ya hapo Lamu ikamwita Seyyid Said wa Omani aje ailinde, na ngome yetu ikamaliziwa karibu na 1821 (ngome ambayo Mwingereza akaja akaifanya jela na ikabaki jela mpaka 1984, ndio kwanza tukaruhusiwa kuingia bila kuwa na kosa). Ila sisi wanawake tunaijua milima ile kwa ndoo.

Sasa kinachoendelea ni nini? Viwanja vinapimwa mchangani. Ua zinasimama mahali ambapo tuliambiwa shuleni hapajengwi. Majumba yanapanda, mengine na bwawa la kuogelea ndani, bwawa la kuogelea juu ya kisima cha mji, hebu mtu anieleze hiyo akili. Mchanga unachotwa kwenda kujenga. Tukiuliza nani katoa hati tunaambiwa hati zina mambo mengi. Na wanaojenga sio watu wa kuwalaumu peke yao, wao walipewa karatasi yenye muhuri wakalipa pesa. Muhuri ulikuwa wa nani?

Nyumba kadhaa mtaani kwetu maji ya kisima yamekuwa ya kufulia tu, chai ukiyapikia haineneki. Kila nyumba inanunua maji ya kunywa kwa mtungi. Aliye nacho hanung'uniki, anaagiza. Asiye nacho anahamia bara, na nyumba anaiacha imefungwa, mnaona tunaporudi, Takwa.

3. NYUMBA ZETU TUNAAMBIWA TUZITUNZE KWA KITU GANI?

Kanuni zinasema nyumba ya mji wa kale irekebishwe kwa vifaa vya asili, mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Mimi naiunga mkono kanuni hiyo, tena kwa moyo. Simenti ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe inafunga unyevu ndani, ukuta unaoza kimyakimya, miaka michache plasta inaanguka na jiwe. Vyumba vyenyewe vimepata upana wao kutokana na boriti, ndio maana chumba cha kale ni kirefu lakini chembamba, karibu mita tatu tu, kwa sababu mti wa mkoko haubebi zaidi ya hapo. Nyumba ya Lamu na mikoko ya Lamu ni kitu kimoja.

Lakini mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti nchi nzima mikoko nayo ikaingizwa humo, wakataji wakakaa njaa na mafundi wakakosa boriti, mpaka mwaka uliofuata Lamu ikaruhusiwa tena. Kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya ilikosa boriti ya kushikilia paa la bibi! Sisemi mikoko ikatwe ovyo, la, samaki na kaa wanazalia humo na sisi tunawala. Nasema aliyetoa amri hakufikiria kwamba kuna mji umesimama juu ya miti hiyo.

Na gharama. Fundi wa kupika chokaa na wa kuchonga zidaka, vile vishubaka vya ukutani, siku hizi ni wa kutafutwa, na akipatikana ana bei, haki yake. Familia yenye warithi kumi na wanne waliotawanyika Mombasa, Maskati na Minnesota haiwezi kukubaliana hata rangi ya mlango, sembuse kuchanga pesa za paa. Anakuja mnunuzi kutoka nje na pesa taslimu, nyumba inauzwa, inarekebishwa vizuri sana kwa kweli, inapendeza, halafu inafungwa miezi kumi kwa mwaka. Ofisi inatuandikia barua ya onyo tukiweka bati. Barua ya msaada sijawahi kuiona.

Majirani zetu wa Unguja walikuwa na Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, liliandikwa kwenye kila kitabu cha watalii, na siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu yake ikaporomoka mafundi wakiwa kazini na watu wawili wakafa. Jumba la serikali hilo, lenye jina. Nyumba ya kina sisi ikianguka itaandikwa wapi?

4. MITARO NA NYAYA

Hili fupi. Mitaro imeziba kwa plastiki, mvua ikija maji machafu yanatembea na watu. Nyaya za stima na za intaneti zimening'inia mpaka kwenye wikio unainama. Kila anayeleta intaneti mpya anaongeza waya wake na hakuna anayetoa wa zamani. Kazi ya wiki mbili hii, inahitaji mtu mmoja tu aliyeamua.

5. KIAMU

Kiamu ni Kiswahili chetu cha Lamu. Najua wengine wataona hili dogo kulitia kwenye barua moja na maji, lakini mji ni pamoja na maneno yake. Mtoto wa dadangu aliandika "mato" kwenye insha akakatwa alama, na mwalimu akamwambia mbele ya darasa aongee Kiswahili. Kiswahili! Mtoto wa Lamu! Naelewa mtihani unataka Kiswahili sanifu, na sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja tangu ule mkutano wa Mombasa wa 1928, sawa, afundishwe aandike "macho" apate alama zake. Lakini Kiamu ndicho kilichobeba tenzi kwa karne na karne, mshairi Mwana Kupona alimuusia bintiye kwa lugha ya huku mwaka 1858, na tenzi hizohizo zinafundishwa vyuo vikuu na watu wanapata digrii. Sasa lugha ikawa ya digrii kule na kosa huku? Mwalimu anaweza kusema kwa sauti ya kawaida kwamba nyumbani ni mato, kwenye mtihani ni macho, na maisha yakaendelea.

Na vibao. Njia zetu zina majina, mitaa ina majina, vijana wanaotembeza wageni wanayajua, wazee wanayajua, vibao havijui. Andikeni Usita wa Mui.

Sasa nayajua majibu yenu, maana mengine nimeshapewa ana kwa ana.

Mtasema vijana watakosa kazi. Hili ndilo jibu zito na silidharau, wanaoendesha boda ni watoto wetu, wengine ni wapwa zangu na wananisoma hapa. Lakini hakuna aliyesema waache kazi. Abiria wa Wiyoni na mitaa ya nyuma watabaki, watalii wa uwanja wa ndege wanakuja kwa mashua toka Manda hata hivyo. Na kabla ya boda njia hizihizi zilikuwa zimeajiri mwenye punda, hamali, kijana wa mkokoteni, na mwenye duka ambaye mteja alipita polepole akaona bidhaa. Hao nao si vijana? Mkitaka kuwasaidia wapeni mkopo wa mashua, ndio barabara ya huku.

Mtasema wagonjwa. Mwenye mgonjwa apite, hata sisi tutampisha, nani atazuia. Lakini tusidanganyane kwamba zile zote zinazopita saa tano usiku zimebeba wagonjwa.

Mtasema haiwezekani mji wa leo kuishi bila injini. Ugiriki kuna kisiwa kinaitwa Hydra, magari na pikipiki marufuku, mizigo ni punda na nyumbu na watu wanatembea, na wako Ulaya, hawajafa, wageni wanajaa. Venice watu milioni wanapita kwa miguu na mashua. Fez kule Morocco mji wa kale nyumbu ndiye lori. Wote hao wanauza kile ambacho sisi tunakitupa bure.

Mtasema tunapinga maendeleo. Hapo mnanichekesha. Bandari mpya ya Lamu kule Kililana gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, tumeiona, ipo. Tulichouliza toka mwanzo ni wavuvi watavua wapi, mkatuita wapinga maendeleo, tukaenda mahakamani, na mwaka 2018 mahakama ikasema wavuvi walipwe fidia shilingi bilioni 1.76. Kiwanda cha stima ya makaa ya mawe mlituambia hakina madhara, mwaka 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mara zote mbili maswali ya watu wa kofia na buibui yalikuwa maswali ya maana. Na haya ya leo ni mepesi zaidi ya yale, hayahitaji wakili.

Mtasema hadhi ya UNESCO iko palepale haiendi popote. Muulizeni Omani, ndugu zetu wa damu. Walikuwa na hifadhi ya wanyama ya Urithi wa Dunia wakaipunguza kwa asilimia 90, mwaka 2007 wakafutwa. Dresden ya Ujerumani ilifutwa 2009 kwa daraja moja. Liverpool ya Uingereza 2021, kwa majengo ya ufuoni. Kama Ujerumani na Uingereza walifutwa sisi ni nani? Na Kamati ya Urithi wa Dunia imekuwa ikiiandikia Kenya kuhusu Lamu kwa miaka mingi sasa, barua hizo mnazo nyinyi, sisi tunazisoma kwenye simu.

Na mtasema hakuna bajeti. Kila Novemba tamasha la utamaduni likija kuna mahema, kuna spika, kuna fulana zenye picha ya punda, kuna magari ya wageni wa heshima yanayoachwa Mokowe kule bara, na hotuba ndefu kuhusu urithi wetu. Mwenye hotuba akishamaliza anapelekwa hotelini na pikipiki. Sipingi tamasha, mbio za punda nazipenda na huwa nashangilia mpaka sauti inakauka. Nasema tu pesa za hema moja zingezibua mitaro ya Langoni.

Tunachotaka ni hiki, na nimekiandika wazi ili kisije kikawa kikao kingine.

Kwanza, nguzo zifungwe kwenye kila njia inayoingia mji wa kale, nguzo za chuma za kweli, punda na mkokoteni na kiti cha magurudumu vipite, pikipiki isipite. Nguzo hailali na haipokei kitu. Nje ya mpaka wekeni vituo vya boda vyenye kivuli na choo, wakae kama binadamu. Hilo liwe tayari kabla ya Maulidi ya Mfungo Sita, maana wakati ule wageni wa msikiti wa Riyadha wanajaa na njia haipitiki kwa miguu tu, sembuse injini.

Pili, hakuna hati mpya hata moja juu ya milima ya mchanga ya Shela, na zile zilizokwishatolewa zitangazwe hadharani, nani kapewa, lini, na nani alitia sahihi. Mipaka ya eneo la maji iwekwe alama ardhini, vigingi tunavyoweza kuviona tukipita, sio rangi kwenye ramani iliyofungiwa kabatini. Pampu za watu binafsi zipimwe, na vipimo vya chumvi vya visima vya mji vibandikwe pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, kila mwezi tuvisome.

Tatu, muwe na mfuko wa kurekebisha nyumba za wenyeji wanaoishi ndani yake, kwa boriti na chokaa na fundi, sio lazima pesa mkononi. Na marufuku yoyote ya miti ijayo iache nafasi ya matengenezo ya mji wa kale. Wale mafundi wachache waliobaki wapewe vijana wa kuwafundisha na walipwe kwa kufundisha. Kati ya vijana hao wa boda wapo watakaokuja, niliwahi kuwauliza wawili watatu wakaniambia mama tukilipwa tunakuja kesho.

La nne na la tano, mitaro, nyaya, na vibao vya majina, hayo yafanyeni tu, hayahitaji mjadala.

Jibu sitaki la simu wala la kuitwa ofisini. Njooni Mkunguni mbele ya ngome, Ijumaa yoyote baada ya alasiri, mkae hapo kwenye baraza mtwambie lipi mtafanya, lipi hamtafanya, na kwa nini. Mkija na tarehe tutawapikia. Mkija na "tunalifanyia kazi" basi kahawa mtanunua wenyewe, na baada ya hapo tutaandikia hao wa UNESCO moja kwa moja na barua hii tutaiambatanisha, pamoja na picha, tumeshaanza kuzipiga.

Wenu kwa heshima,

Mama wa Langoni, kwa niaba yangu na majirani waliosoma kabla sijaituma na wakaniambia nisipunguze

Nakala:
Wazee wa mitaa ya Mkomani na Langoni
Waendesha boda wote wa Lamu (wanangu, tusikasirikiane, nyinyi nanyi mna mama zenu wanaopita usitani)
Waamu mlioko Mombasa, Ghuba na Marekani wenye nyumba zilizofungwa hapa, ambao nina barua yenu mbali inakuja